Nahodha Aliyefungua Upya Hesabu Zake: Maisha ya Kasisi John Newton



Kama ilivyo desturi yetu, kabla ya kurasa za miradi na za mahesabu huwa tunasimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye habari zake zinagusa historia ya kwetu. Mwaka huu kazi hiyo imetuangukia sisi watu wa hazina, tunaoshinda na risiti na madaftari. Nasi tumemchagua mtu ambaye hakuwahi kukanyaga pwani yetu: Kasisi John Newton wa Kanisa la Anglikana nchini Uingereza, mtunzi wa wimbo ujulikanao kwa Kiingereza kama Amazing Grace.

Wimbo huo hauhitaji kuelezwa. Tumeuimba matangani, tumeusikia redioni, na hata ndugu zetu Waislamu na wale wanaoshika mila za kaya wanautambua pale unapoanza. Mtunzi wake ndiye asiyejulikana sana.

Uchaguzi wetu haukupita bila ubishi. Kabla ya kuwa kasisi, Newton alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Mzee mmoja wa kamati alituuliza, tena kwa haki, iweje kijitabu cha Rabai kimpe nafasi mtu aliyewatia wengine minyororoni, ilhali mababu wa baadhi yetu walifika Rabai wakiwa watumwa watoro au watu waliokombolewa. Tulilijadili jambo hilo vikao viwili. Mwisho tukakubaliana tuandike, kwa sharti moja: tusifiche upande wowote wa daftari lake. Sharti hilo ndilo tunalolitimiza hapa.

Mtoto wa bandarini

John Newton alizaliwa mwaka 1725 katika mtaa wa Wapping, London, kando ya mto Thames, mahali pa mabaharia, magodauni na meli. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara katika bahari ya Mediterania, mtu mkali aliyekuwa safarini mara nyingi. Mama yake, Elizabeth, ndiye aliyemfundisha kusoma, na alimkaririsha nyimbo za dini angali mdogo. Alitamani mwanawe awe mhubiri. Lakini mama huyo alikuwa na kifua kikuu, akafariki mwaka 1732, siku chache kabla mtoto hajatimiza miaka 7.

Akiwa na miaka 11 alipelekwa baharini na baba yake. Kwa miaka kadhaa alisafiri naye, akajifunza kazi ya meli, na polepole akayaacha yale aliyofundishwa na mama. Mwishoni mwa mwaka 1742 alikwenda Kent kuwatembelea marafiki wa marehemu mama yake, na huko akamwona binti wa nyumba hiyo, Mary Catlett, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 14. Alimpenda tangu siku hiyo, na upendo huo haukumtoka hadi kifo.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika manowari iliyoitwa Harwich. Enzi hizo jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likiwakamata vijana mitaani na bandarini na kuwalazimisha kutumika. Baba yake alimsaidia akapandishwa cheo kidogo, lakini kijana alitoroka. Aliposhikwa alipigwa mijeledi mbele ya wenzake na kushushwa hadi daraja la chini kabisa. Manowari ilipofika kisiwa cha Madeira alibadilishwa na baharia wa meli nyingine, naye akapelekwa Afrika Magharibi.

Aliyelishwa na waliofungwa

Huko, katika visiwa vya Plantain karibu na Sierra Leone, Newton aliingia kazi kwa Mzungu mmoja mfanyabiashara wa watumwa. Alidhani naye atatajirika. Badala yake aliugua vibaya. Tajiri wake alikuwa safarini, na mke wa tajiri, mwanamke Mwafrika mwenye nguvu katika eneo hilo, hakumpenda. Alinyimwa chakula na maji, akadhihakiwa, akawa anachimba mizizi usiku na kuila mibichi. Alivaa matambara. Kitabu alichobaki nacho kilikuwa cha jometri ya Euclid, naye alikuwa akikaa ufukoni na kuchora maumbo yake mchangani kwa kijiti ili asipoteze akili.

Katika hali hiyo, waliomwonea huruma ni watumwa. Watu waliokuwa katika minyororo, wakisubiri kuuzwa, walimgawia kwa siri sehemu ya posho yao ndogo. Newton mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hiyo baadaye. Tunaomba msomaji aikumbuke, maana miaka michache tu mbele mtu huyu aliyelishwa na waliofungwa atakuwa yeye ndiye mwenye funguo.

Baba yake alikuwa amewaomba manahodha wamtafute. Mwaka 1747 meli iitwayo Greyhound ilimpata na kumchukua. Meli hiyo haikubeba watumwa. Ilibeba dhahabu, pembe za ndovu, nta na miti ya rangi. Safari ya kurudi Uingereza ilikuwa ndefu. Mwezi wa Machi 1748, katikati ya Atlantiki ya kaskazini, ilipigwa na dhoruba usiku. Ubavu mmoja ulipasuka, maji yakajaa. Newton alitoka chumbani kupanda juu. Nahodha akamrudisha akalete kisu, na mtu aliyepanda badala yake akachukuliwa na wimbi mara moja. Alipiga bomba la maji kwa saa nyingi hadi akaishiwa nguvu, kisha akafungwa kwa kamba penye usukani akaiongoza meli. Hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alimwomba Mungu amrehemu.

Nta na mbao nyepesi zilisaidia meli isizame. Baada ya wiki nne nyingine, chakula kikiwa kimekaribia kwisha, walifika ufuo wa Ireland. Tangu hapo Newton aliiadhimisha siku ya dhoruba ile kila mwaka, tarehe 21 Machi kwa kalenda ya sasa, hadi uzee wake.

Miaka ambayo nyimbo haziitaji

Wengi wanapoisimulia habari hii huishia hapo: dhoruba, maombi, wokovu, kisha wimbo. Sivyo ilivyokuwa. Baada ya dhoruba ile, Newton aliingia katika biashara ya watumwa zaidi ya alivyowahi kuwa kabla yake.

Mwaka huohuo wa 1748 aliondoka Liverpool akiwa msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa. Mwaka 1750 alimwoa Mary, na miezi michache baadaye akawa nahodha kamili. Aliongoza safari tatu: moja katika meli ya Duke of Argyle, na mbili katika meli iliyoitwa African, hadi mwaka 1754. Alinunua watu pwani ya Afrika Magharibi na kuwauza katika visiwa vya Karibi. Mmiliki wa meli alikuwa mfanyabiashara wa Liverpool, Joseph Manesty, rafiki wa baba yake.

Daftari la safari hizo lipo hadi leo. Sisi tuliozoea vitabu vya hesabu tunajua jinsi ukurasa unavyoweza kuwa safi huku jambo lililoandikwa ndani yake likiwa uchafu. Bei za watu zilipimwa kwa vipande vya chuma, vitambaa, bunduki na sufuria za shaba. Wanaume, wanawake na watoto hawakuandikwa majina. Walipewa namba, na mmoja wao alipofariki ikaandikwa kwamba mtumwa wa namba fulani amezikwa, maana yake ametupwa baharini. Humo pia mmeandikwa kwamba watumwa waliposhukiwa kupanga maasi, nahodha aliwatia wavulana vyuma vya kubana vidole gumba ili waseme. Mwandiko ni wake mwenyewe.

Na katika siku hizohizo alikuwa akisoma Biblia chumbani mwake. Jumapili aliwaongoza mabaharia katika ibada. Usiku alimwandikia mke wake barua ndefu zilizojaa upendo. Chini ya mbao alizozikanyaga watu walikuwa wamelazwa wamebanana, wamefungwa wawili wawili, wengine wakiwa wagonjwa, wengine wakiwa wamekufa bila mwenzake kufunguliwa.

Hakuiacha kazi hiyo kwa sababu ya dhamiri. Mwishoni mwa mwaka 1754, akijiandaa kwa safari ya nne, alianguka ghafla na kupoteza fahamu. Waganga walimshauri asirudi baharini. Laiti si ugonjwa huo, yamkini angeendelea. Yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba wakati ule hakuona ubaya wowote. Kazi ilikuwa halali kisheria, na watu wenye heshima waliwekeza humo. Hata baada ya kustaafu bahari, fedha zake ziliendelea kukaa kwa Manesty, na zikapotea tajiri huyo alipofilisika.

Kasisi wa watu wa lesi

Mwaka 1755 Newton alipata kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool, akikagua meli zinazoingia. Jioni alijisomea Kigiriki na Kiebrania bila kwenda chuo. Akaanza kuhisi kwamba ndoto ya mama yake ilikuwa wito. Aliomba kupewa daraja la ukasisi mwaka 1758, akakataliwa. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na maaskofu waliwatilia shaka watu wenye ari kama yake. Alisubiri miaka 6. Mwaka 1764, kwa msaada wa Lord Dartmouth, alipata ushemasi na kisha ukasisi, akapelekwa Olney, mji mdogo katika jimbo la Buckinghamshire.

Olney ulikuwa mji wa watu maskini. Wanawake na watoto walishinda wakifuma lesi kwa ujira mdogo katika vyumba vyenye giza. Mshahara wa Newton ulikuwa takriban pauni 60 kwa mwaka. Mfanyabiashara tajiri aitwaye John Thornton aliamua kumpa pauni 200 kila mwaka kwa ajili ya kuwakaribisha wageni na kuwasaidia wenye shida, na fedha hizo zilipita nyumbani kwa Newton zikaenda kwa maskini wa mji.

Alikuwa mchungaji wa kutembea. Aliwafuata watu majumbani mwao akiwa na koti lake kuukuu la baharini, akaketi nao penye mito yao ya kufumia lesi. Alianzisha kipindi cha watoto siku za Alhamisi. Kanisa likajaa hadi ikabidi kujengwa roshani ndani yake.

Mwaka 1767 mshairi William Cowper alihamia Olney, na nyumba zao zikawa karibu. Cowper alikuwa na ugonjwa wa akili uliokuwa ukimwangusha katika huzuni nzito. Newton alimshirikisha katika kazi ya kutunga nyimbo kwa ajili ya mikutano ya maombi. Kila wiki waumini walipata wimbo mpya uliolingana na somo la siku hiyo, wenye maneno mepesi ambayo mfuma lesi asiye na elimu angeweza kuyashika mara moja.

Wimbo tunaoujua sote ulitayarishwa kwa ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1773. Somo lilikuwa sala ya Mfalme Daudi katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 17, pale mfalme anaposhangaa jinsi Mungu alivyomtoa mbali na kumfikisha alipo. Newton naye alikuwa akiyatazama maisha yake ya nyuma. Mwezi huohuo Cowper aliugua tena, na katika mwaka huo akajaribu kujiua. Newton na Mary walimpokea nyumbani kwao na kumtunza kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Nyimbo zao zilichapishwa mwaka 1779 katika kitabu Olney Hymns, chenye nyimbo 348. Takriban 280 ni za Newton, zilizobaki ni za Cowper. Wimbo wa Mwaka Mpya haukupata umaarufu mkubwa Uingereza wakati huo. Ulivuka bahari kwenda Marekani, na huko mwaka 1835, miaka 28 baada ya mtunzi kufariki, ndipo ulipochapishwa pamoja na sauti tunayoiimba leo. Waafrika wa Marekani, vizazi vya watu waliovushwa katika meli kama zile za Newton, waliuchukua na kuufanya wao.

Deni lisiloandikwa

Hapa tunafika kwenye jambo lililotufanya sisi wa hazina tumchague mtu huyu.

Mwaka alioupata ukasisi, 1764, Newton alichapisha kitabu cha maisha yake. Kilisomwa sana na kumpa jina. Humo alijilaumu kwa mengi: matusi, kumkana Mungu, kuwapotosha mabaharia wenzake. Lakini biashara ya watumwa aliigusa kama kazi tu, iliyokuwa ngumu na isiyopendeza. Wanaume na wanawake wa zile namba hawakuhesabiwa miongoni mwa dhambi zake.

Kwa lugha ya kazi yetu, zilikuwa hesabu zilizopangwa vizuri, zilizokubaliwa na kila mkaguzi wa wakati ule, lakini deni kubwa kuliko yote halikuandikwa. Wala hakuna aliyeuliza. Miaka ikapita, mtu akazeeka, akapendwa, akaheshimiwa. Angeweza kufa hivyo.

Mwaka 1780 alihamia London kuwa kasisi wa kanisa la St Mary Woolnoth, katika Lombard Street, mtaa wa mabenki. Mnamo Desemba 1785 alitembelewa na mbunge kijana, William Wilberforce. Kijana huyo alitaka ziara iwe siri, na inasimuliwa kwamba alizunguka uwanja mara mbili kabla ya kupata ujasiri wa kupiga hodi. Alikuwa akifikiria kuacha siasa ili amtumikie Mungu. Newton alimshauri abaki Bungeni, maana huko nako kuna utumishi. Miaka miwili baadaye Wilberforce aliichukua kazi ya kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa.

Mnamo Januari 1788, miaka 33 na zaidi baada ya kuondoka baharini, Newton alichapisha kijitabu juu ya biashara ya watumwa wa Afrika. Alikuwa na miaka 62. Alianza kwa kukiri kwamba ungamo lake limechelewa mno, kisha akaeleza yote: jinsi watu walivyopangwa chini ya sitaha kama vitabu rafuni, vifo vya watumwa na vya mabaharia, mateso ya waliojaribu kuasi, na jinsi wanawake walivyotendewa na mabaharia. Hakusema ni mambo aliyoyasikia. Alisema aliyaona na aliyafanya.

Nakala zilipelekwa kwa wabunge wote. Kisha mzee huyo akaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Mfalme, na baadaye mbele ya kamati ya Bunge. Wafanyabiashara walikuwa wakieleza kwamba watumwa husafiri kwa raha. Hawakuweza kumjibu mtu aliyekuwa nahodha.

Je, ushahidi huo uliwarudisha waliotupwa baharini? La. Je, ulifuta yale ya vidole gumba? La. Na wala sisi hatuwezi kumsamehe kwa niaba ya watu wale. Tunalosema ni hili tu: aliyekuwa na kila sababu ya kukaa kimya aliyafungua madaftari yake mwenyewe mbele ya watu wote, akaliandika deni, na ushahidi wake ukatumika dhidi ya biashara aliyoifanya.

Miaka ya mwisho

Mary alifariki kwa saratani mwaka 1790, baada ya ndoa ya miaka 40. Hawakujaliwa watoto wao wenyewe, lakini walilea wapwa wawili mabinti. Mmoja alifariki angali mdogo. Wa pili, Betsy, ndiye aliyemtunza mzee baada ya Mary kuondoka. Mwaka 1801 Betsy naye alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa hospitalini. Kila siku Newton, akiwa na miaka zaidi ya 75 na macho yamefifia, aliongozwa hadi nje ya jengo lile ili apunge leso kuelekea dirishani, binti ajue kwamba hajaachwa. Betsy alipona, akarudi nyumbani.

Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza ilipata idhini. Newton alikuwa hai kuisikia habari hiyo. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82. Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe, na hakuacha kutaja kwamba aliwahi kuwa asiyeamini, mpotovu, na mtumishi wa watumwa barani Afrika. Mwaka 1893 mabaki yake na ya Mary yalihamishwa kutoka London kwenda Olney.

Kutoka London hadi Rabai

Mwaka 1783 Newton na wenzake wachache walianzisha kikundi cha makasisi kilichokutana London kujadili mambo ya kanisa. Kutoka katika mazungumzo ya kikundi hicho, mwaka 1799, kilizaliwa chama cha misheni cha CMS. Chama hicho ndicho kilichomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846. Mwaka huo wa 1846 wazee wa Rabai waliwapa mahali pa kukaa. Nyumba zao mnazijua. Watoto wetu hupita hapo wakienda shule.

Baada ya Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, CMS ilianzisha Freretown upande wa bara wa Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa. Wengine walifika Rabai wakitoroka mabwana zao katika mashamba ya pwani. Miongoni mwa viongozi wa Rabai alikuwa William Jones, ambaye alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India, na baadaye akapewa ushemasi. Aliwapokea watoro hao kwa hatari kubwa, maana mabwana waliwadai warudishwe.

Mzozo huo ulimalizwa kwa fedha. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watoro walipewa hati za uhuru baada ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kuwalipa mabwana wao fidia. Zaidi ya watu 1,000 wa Rabai na vituo jirani walipata uhuru wao kwa njia hiyo. Ilikuwa siku ya Mwaka Mpya, kama ile ya wimbo wa Olney miaka 116 kabla yake. Lakini mtu wa hesabu hawezi kupita bila kuona kwamba aliyelipwa alikuwa bwana. Aliyefanyishwa kazi bure hakulipwa kitu. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, miaka 100 baada ya Newton kufariki.

Kwa hiyo mzee wetu wa kamati alikuwa na haki ya kuuliza. Kanisa lililowapokea mababu waliokimbia lilitokana kwa sehemu na mikono iliyowahi kufunga minyororo. Hayo yote mawili ni kweli, na mtoto wa Rabai anastahili kuyajua yote mawili.

Hesabu zetu

Tumalizie na yetu. Mwaka jana fedha mlizochanga kwa ajili ya basari za wanafunzi zilitumika kwa miezi kadhaa kuziba pengo la mradi wa tangi la maji, kwa sababu ahadi nyingi za tangi hazikuwa zimelipwa. Fedha hizo zimerudishwa zote. Hata hivyo hatukuwaambia mapema, na wanafunzi wengine walichelewa kulipiwa karo muhula wa pili. Ripoti iliyosomwa kwenye mkutano mkuu haikulitaja jambo hilo. Ilikuwa safi, na mlituipigia makofi.

Katika kurasa za mwisho za kijitabu hiki mtaikuta hesabu hiyo imeandikwa upya, kila mstari mahali pake. Kosa letu ni dogo, na hatujilinganishi na mambo mazito tuliyoyasimulia. Lakini tuliona hatuwezi kuandika habari za mtu aliyekaa kimya miaka 33 huku nasi tumenyamaza.

Mwaka huu tunachangia mfuko mmoja tu, nao ni wa basari. Umefunguliwa akaunti yake peke yake, na watia saini hawatakuwa watu wa hazina pekee. Anayechanga kidogo na anayechanga kikubwa wote watapewa risiti, na kila mwanachama ana ruhusa ya kuja kulikagua daftari siku yoyote ya kikao. Tafadhali, ahadi iliyowekwa ilipwe. Pengo la mwaka jana lilianzia hapo.

Na mtakapokuja nyumbani Desemba, walete watoto Rabai waione nyumba ya makumbusho ya Krapf. Waonyesheni pia njia waliyopandia watoro kutoka pwani, na muwaeleze walikuwa wakikimbia nini. Wimbo ukiimbwa kanisani siku hiyo, watakuwa wanaujua ulikotoka.